Rupia Tatu za Kodi

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Pasaka, mjomba alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Nilidhani kuna msiba. Hakusalimia. Aliniuliza kama rupia ya Mjerumani ya mwaka 1892 inaweza kufika milioni arobaini. Nilikaa kitandani, nikamwambia nitakuja Jumamosi na asimpe mtu yeyote kitu chochote hadi nifike. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba tayari ametoa.

Nilisoma historia chuoni na sasa naifundisha sekondari, Mbeya. Kwa ukoo wetu hiyo maana yake ni kwamba kila kitu kilichozeeka, kuanzia bunduki ya gobore hadi mgogoro wa mpaka wa shamba, ninatakiwa kukitolea maelezo. Jumamosi nilipanda basi la Tunduma, nikashuka, nikachukua bodaboda hadi Mbozi Mission. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na mibuni ilikuwa bado inadondosha maji.

Bibi alikuwa ameketi barazani. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za watoto, akaagiza chai. Hakugusia simu ya mjomba. Tulipomaliza chai ndipo alipoingia ndani na kutoka na kopo la maziwa ya unga lililokula kutu pembezoni. Akalimimina juu ya kanga.

Sarafu zilikuwa nane. Tatu zilikuwa zimefungwa peke yake katika kipande cha kitambaa cheusi. Tano zilikuwa huru.

Mjomba alisimama mlangoni, mikono nyuma. Alinieleza kilichotokea. Vijana wawili walikuja kutoka Tunduma, wamevaa vizuri, na simu zenye picha za sarafu na bei zake kwa dola. Walimwambia kwamba rupia hazilingani: zipo za kawaida na zipo zenye "kazi", zinazovuta punje za mchele, zinazotafutwa na matajiri wa nje. Ili kujua zake ni za aina gani, lazima zipimwe kwa dawa maalumu, na dawa hiyo bei yake ni shilingi 350,000. Mjomba alitoa pesa za kahawa, zile alizotenga kwa ada ya binti yake. Vijana walienda kuleta dawa. Simu zao hazipatikani hadi leo. Mwingine alikuja siku tatu baadaye, mnunuzi wa vyuma chakavu, akaziangalia zote nane akatoa ofa ya shilingi 80,000.

"Sasa wewe msomi," mjomba akasema, "niambie. Milioni arobaini, au elfu themanini?"

Swali lilikuwa la haki. Binti yake alikuwa amebakiza wiki tatu kurudi chuoni.

Nilianza na kutazama tu. Sarafu ya zamani hujieleza yenyewe ukiipa muda. Nne kati ya zile nane zilikuwa na sura ya mwanamume mwenye masharubu, amevaa helmeti yenye tai juu yake. Huyo ni Kaiser Wilhelm wa Pili, na maandishi yanayomzunguka, GUILELMUS II IMPERATOR, ni Kilatini. Iliyokuwa ya zamani kuliko zote, ya 1892, ilikuwa na simba na mnazi upande wa pili. Hiyo haikutolewa na serikali bali na kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, iliyoanza kutoa sarafu zake mwaka 1890. Nyingine tatu, za 1905, 1910 na 1913, hazina simba. Kuanzia 1904 serikali ya kikoloni ilichukua kazi ya sarafu mikononi mwake, na upande wa pili ikaweka thamani na jina la koloni. Chini yake utaona herufi ndogo, A au J. A ni Berlin na J ni Hamburg, miji ambako zilipigwa.

Ya tano ilikuwa na mwanamke mwenye taji: Victoria, rupia ya India ya 1885, imetobolewa tundu juu ya kichwa. Ya sita na ya saba zilikuwa shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima nyuma yake, moja ya 1924 na moja ya 1952. Ya nane ilikuwa na rangi ya njano, imechongwa vibaya kidogo, ina taji, mwaka 1916 na herufi T.

Mjomba aliinua hiyo ya njano. "Hii ndiyo dhahabu," akasema.

Ilibidi nimvunje moyo. T ni Tabora. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza ziliziba bahari na sarafu mpya kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Wakati huohuo watu walianza kuificha fedha waliyokuwa nayo. Nani angetoa rupia dukani hali ya kesho haijulikani? Serikali ikachapa noti za karatasi, na mwaka 1916, katika karakana za reli Tabora, ikapiga sarafu za hela 5 na hela 20 kwa shaba na shaba ya njano iliyopatikana. Dhahabu ya Tabora ipo kweli: ni sarafu ya rupia 15 yenye tembo na mlima, na hiyo ndiyo inayotafutwa duniani kote. Iliyokuwa mkononi mwa mjomba ilikuwa hela 20 ya shaba ya njano.

Bibi akacheka aliposikia neno hilo. "Hela," akasema. "Kumbe hela ni kitu."

Ndiyo, ni kitu. Heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia kuanzia 1904. Kabla yake rupia iligawanywa katika pesa 64, na neno pesa lenyewe lilitoka India. Fedha, kabla ya kuwa jina la kila kitu tunachotumia dukani, ni jina la madini haya meupe yaliyokuwa juu ya kanga ya Bibi. Sumni tunayosema kwa senti hamsini ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane, la enzi ambazo watu wa pwani walihesabu kwa riale, ile sarafu kubwa ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 ambayo iliendelea kupigwa muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Kila dola lililotutawala au kufanya biashara nasi lilituachia jina la pesa. Dola zimeondoka na sarafu zao zimeyeyushwa, lakini kila siku tunaambiana hatuna hela.

Jumatatu niliondoka na zile sarafu kurudi Mbeya, Bibi akiwa amezihesabu mbele yangu mara mbili. Nilimwendea sonara mmoja ninayemfahamu, nikamwomba mizani yake ya kidijitali kwa nusu saa.

Kupima sarafu ya fedha hakuhitaji dawa. Kwanza ni uzito. Rupia ya India ilikuwa na gramu 11.66, na ya Mjerumani ilipewa uzito huohuo, gramu 11.66, na kiwango kilekile cha fedha, sehemu 917 kati ya elfu. Haikuwa bahati. Rupia ya India ilikuwa imetawala biashara ya pwani, na kampuni ya Kijerumani ililazimika kuiga kitu ambacho watu tayari walikiamini. Za kwetu zilisoma 11.31 kwa ile ya simba iliyochakaa, halafu 11.58, 11.60 na 11.62. Victoria mwenye tundu alisoma 11.20. Mikono ya watu ilikuwa imekula kidogokidogo, kama ilivyo kawaida.

Pili ni sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Lakini kipimo hiki kinafukuza chuma tu. Metali nyingi za uongo nazo hazivutwi. Ndiyo maana kipimo cha tatu, cha maji, ni bora zaidi. Unaweka glasi ya maji juu ya mizani, unairudisha mizani kwenye sifuri, kisha unaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Rupia ya 1910 ilisukuma gramu 1.12. Gawanya 11.60 kwa 1.12, unapata 10 na ushei, jinsi fedha ya kiwango hicho inavyotakiwa kuwa. Chuma kingekupa karibu 7.9, na mchanganyiko wa shaba na nikeli karibu 8.9.

Shilingi ya 1952 ilikutwa hapohapo, kwenye 8.9. Wengi hudanganyika na simba yule. Shilingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1920, na zile za Mfalme George wa Sita hadi 1946, zina fedha robo tu, sehemu 250 kati ya elfu. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa.

Baada ya hapo ni hesabu ya darasa la saba. Rupia zote tano zilikuwa na jumla ya gramu 57.31, zidisha kwa 0.917, unapata fedha safi gramu 52 na nusu. Shilingi ya 1924 iliongeza karibu gramu 2. Jumla gramu 54 na nusu. Bei ya fedha hupanda na kushuka kila siku, na huuzwa kwa aunsi ya masonara yenye gramu 31.1, si aunsi ya jikoni. Kwa mfano, gramu moja ikiwa shilingi 3,000, fedha yote iliyokuwa kwenye kopo la Bibi ni kama shilingi 163,000.

Hiyo ndiyo sakafu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ametoa nusu yake. Vijana wa dawa walikuwa wamechukua zaidi ya mara mbili yake.

Juu ya sakafu kuna bei ya wakusanya sarafu, na hao huangalia mambo mengine: mwaka, herufi ya mji, idadi zilizopigwa, na zaidi ya yote hali yake. Rupia za Mjerumani zilipigwa nyingi na zimebaki nyingi. Rupia mbili ya 1893 au 1894 ndiyo adimu, na sisi hatukuwa nayo. Tundu hupunguza bei. Kusugua huipunguza zaidi. Mjomba, ili wageni wake waone vizuri, alikuwa ameisugua ile ya 1910 kwa majivu na dawa ya meno mpaka ikang'aa kama sufuria mpya. Ule weusi alioufuta ulikuwa umechukua miaka mia kujenga, na kwa mkusanya sarafu ndio ushahidi kwamba kitu hakijaguswa. Uchafu wa sarafu ni sehemu ya bei yake.

Niliporudi Mbozi Mission na karatasi ya hesabu, mjomba aliisoma kimya. Hakubisha. Alikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, akaenda kukaa chini ya mwembe. Nilijua anachohesabu. Hata tukiuza zote, tusingerudisha pesa ya dawa.

Ndipo Bibi aliponiita nikae karibu, akafungua kile kitambaa cheusi.

"Hizi hukuuliza kwa nini zimefungwa," akasema.

Zilikuwa ya 1892, ya 1905 na ya 1913. Baba yake, akasema, alizifunga hivyo yeye mwenyewe, na hazikuwahi kuwa nne wala mbili. Rupia tatu zilikuwa kodi.

Mimi nilikuwa nimefundisha kodi hiyo darasani zaidi ya mara kumi. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na mwaka 1905 ikaweka rupia tatu, kodi iliyotajwa miongoni mwa sababu za vita vya Maji Maji kusini. Huwa naiandika ubaoni kama nukta ya tatu, baada ya kilimo cha lazima cha pamba. Sikuwahi kuishika mkononi. Uzito wake ni gramu 35 hivi, chini ya betri mbili za tochi.

Kwa mtu wa huku bara ugumu haukuwa utajiri wala umaskini. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuru na kutengeneza majembe, na jembe lilikuwa mali. Walikuwa na ng'ombe na nafaka. Lakini kodi ilitaka kitu ambacho hakuna shamba la Mbozi lililokizalisha. Ili kupata rupia ulilazimika kumfanyia kazi mtu mwenye rupia: kubeba mizigo, kujenga barabara, kwenda mbali kwenye mashamba ya Wazungu, au kufanya kazi misheni. Misheni ya Moravian ilikuwa hapa tangu 1899, Traugott Bachmann alipoanzisha kituo, na kwa wengi sarafu ya kwanza ya Kaiser ilitokea hapo, kwa kukata miti au kufyatua matofali. Asiye na rupia alidaiwa jasho. Sarafu ile haikuja kurahisisha biashara ya babu zetu. Ilikuja kuwatoa nyumbani.

Bibi alisema baba yake alijiwekea utaratibu. Kila alipomaliza kulipa, rupia tatu za kwanza alizopata baadaye alizifunga katika kitambaa kwa ajili ya mwaka unaofuata. Zilizofuata ndizo alizotumia. Hakutaka tena kukimbilia porini askari wakija.

Kisha vita ikafika. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey, yaliyovuka kutoka Nyasaland na Rhodesia, yaliingia Neu-Langenburg, Tukuyu ya leo, makao ya wilaya yetu wakati huo. Mjerumani aliyedai kodi aliondoka, na rupia tatu zikabaki kitambaani. Baba yake Bibi alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kama maelfu ya wengine. Alizifukia nyuma ya nyumba kabla hajaondoka, na aliporudi akazikuta. Aliogopa kuzitumia kwa sababu Mjerumani angeweza kurudi. Na kwa kweli alirudi: mwishoni mwa Oktoba 1918, von Lettow-Vorbeck na jeshi lake lililokonda walipita nchi hii wakienda Fife, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Novemba, akasalimu amri Abercorn, Mbala ya leo.

Halafu Mwingereza naye akataka kodi, na baada ya muda mfupi akataka kwa shilingi. Kabla ya vita paundi moja ilikuwa rupia 15. Baada ya vita bei ya fedha duniani ilipanda sana na rupia ikapanda nayo, ikawatia kiwewe walowezi wa Kenya waliokuwa na madeni. Mwaka 1920 rupia ikafungwa kwenye shilingi mbili, ikaletwa florini, na muda si mrefu shilingi. Sasa angalia ndani ya sarafu zenyewe. Rupia moja ina fedha safi karibu gramu 10.7. Shilingi mbili za miaka ya 1920 zina gramu 3.9. Mtu aliyetii akabadilisha kwa kiwango kile alitoa fedha mara mbili na zaidi ya aliyopokea. Mzee mmoja wa Mbozi, asiyejua kusoma Kilatini cha Kaiser, alizirudisha zake shimoni. Bibi anasema haikuwa akili ya biashara. Alisema tu kwamba hizi ameshazitolea jasho, na za Mwingereza atazitolea jasho lingine.

Jioni ile tulikaa watatu, na mjomba ndiye aliyeanza. Alisema yeye ndiye aliyepoteza pesa, asingependa kopo la mama yake ndilo lilipe. Bibi akamjibu kwamba mtoto wa shule hali maneno. Tukakubaliana hivi: ya 1910, ambayo ilikuwa imeshasuguliwa, pamoja na shilingi ya 1924, ziuzwe. Nilimpata mkusanya sarafu Mbeya, akalipa shilingi 45,000 kwa ile rupia na 6,000 kwa shilingi. Ilikuwa bei ya haki. Pesa iliyopungua niliongeza mimi, na mjomba aliuza mbuzi wawili. Binti alirudi chuoni akiwa amechelewa siku nne.

Kabla sijaondoka tulikwenda na mjomba Ndolezi kukiangalia kimondo, kwa sababu alisema hajawahi kukiona tangu akiwa darasa la nne. Ni bonge la chuma la tani 16 hivi, limelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na pana alama pale walipokata sampuli. Mjomba alilizunguka mara mbili. Akaniuliza kwa bei ya chuma chakavu lingekuwa shilingi ngapi. Nikaanza kupiga hesabu kwenye simu. Alinizuia kwa mkono.

"Acha," akasema. "Nilikuwa nataka kujua kama utapiga."

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilinunua daftari Vwawa. Ukurasa wa kwanza niliandika sarafu sita zilizobaki: mwaka, herufi, uzito, tundu liko wapi. Ukurasa wa pili nilimwandikia Bibi maneno yake, jinsi alivyoyasema, kuhusu kitambaa na shimo na kodi. Nilimsomea. Alinisahihisha mahali pawili. Kisha akafunga zile tatu, akazirudisha kwenye kopo, akaniuliza kodi ya nyumba yangu Mbeya sasa ni kiasi gani kwa mwezi.

Nikamwambia.

"Basi," akasema, "na wewe uwe unafunga ya mwezi unaofuata."